Mji wa soko wa Kiingereza ni kitu gani hasa? Mfano wa Ludlow

Agosti 2024 Eldoret ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji, maswali yalimiminika: jiji ni nini, mji ni nini, na karatasi inabadilisha nini ikiwa barabara ni zilezile na mitaro ni ileile? Nakuru ilipopandishwa hadhi mwaka 2021 tuliulizana hayohayo. Wapo waliokumbusha kwamba Nairobi yenyewe ilifanywa jiji mwaka 1950 kwa hati ya Mfalme George VI, na kwa hiyo ukitaka kuelewa mambo haya ya hati na hadhi, sharti urudi Uingereza yalikotoka.

Ukirudi huko unakuta mkanganyiko zaidi. Reading ina watu zaidi ya laki moja na nusu lakini si jiji. Wells ina watu wasiofika 15,000, na ni jiji. Colchester, iliyokuwa mji mkubwa tangu enzi za Warumi, ilisubiri hadi 2022 ndipo ikaitwa jiji. Ukubwa si hoja, umri si hoja, na hata kanisa kuu, ambalo wengi huambiwa ndiyo siri yenyewe, halitoshi: jiji ni mahali ambapo mfalme au malkia amepaita jiji, basi. Kisha vipeperushi vya watalii vinakuongezea neno jingine: mji wa soko. Ndugu zetu walioko Uingereza hututumia picha za miji hiyo kila kiangazi, yenye nyumba za mbao zilizopinda na vibanda vya jibini uwanjani, na maelezo huishia kwamba ni “mji wa soko wa kihistoria”. Ni maelezo yasiyoeleza. Mji gani hauna soko?

Tuanze na maana yake. Mji wa soko, kwa Uingereza, ni mji ambao ulipata haki ya kisheria ya kuendesha soko siku maalumu ya juma, na pamoja nayo haki ya kumzuia jirani asifungue soko lingine karibu. Vibanda, mboga na kelele ni matokeo. Chenyewe ni haki, na haki hiyo ilikuwa mali ya mtu.

Mtanzania ana njia fupi ya kulielewa hili, kwa sababu analijua gulio. Gulio lina siku yake. Wachuuzi huzunguka nalo, leo kijiji hiki, keshokutwa kile. Watu hushuka na kuku na mahindi, hupanda na sukari na nguo. Sasa chukulia kwamba gulio hilo ni mali ya bwana mmoja. Ushuru wa kila gunia ni wake, faini za mizani mbovu ni zake, anaweza kumrithisha mwanawe, na kijiji jirani kikianzisha gulio siku hiyohiyo anakipeleka mahakamani na kushinda. Hilo ndilo soko la Uingereza katika karne ya 12 na ya 13. Mfalme ndiye aliyetoa kibali, mara nyingi kwa malipo, naye kabaila au abati (mkuu wa watawa) aliyekipata alikuwa amejipatia mradi wa kudumu.

Jirani alikuwa karibu kiasi gani? Wanasheria wa karne ya 13 walilijibu swali hilo kwa hesabu ya miguu. Walisema mtu hutembea maili 20 kwa siku. Gawa siku mafungu matatu: fungu moja la kwenda sokoni, fungu moja la kuuza na kununua, fungu moja la kurudi nyumbani kabla ya giza kumkuta njiani na fedha yake. Theluthi moja ya maili 20 ni maili 6 na theluthi mbili, karibu kilomita 11. Soko jipya likiwa ndani ya umbali huo lilihesabika kuwa linamdhuru mwenye soko la zamani. Kanuni hiyo haijafa. Mahakama za Uingereza zimeendelea kuitambua hadi nyakati zetu, na halmashauri zenye haki za kale zimeitumia kuwazuia waandaaji wa masoko ya mitumba, yakiwemo yale ya kuuzia kwenye buti za magari.

Kwa nini watu walikubali kubanwa hivyo? Kwa sababu soko lenye hati lilimpa mnunuzi ulinzi. Mkate na pombe vilikuwa na sheria yake tangu miaka ya 1260, iliyofunga uzito wa mkate na bei ya pombe kwenye bei ya nafaka. Vipimo vilikaguliwa. Ugomvi wa mfanyabiashara mpita njia uliamuliwa papo hapo, kwenye mahakama ndogo ya soko ambayo watu waliiita ya miguu yenye vumbi, kwa kuwa mlalamikaji kesho alikuwa keshaondoka. Na kulikuwa na kanuni moja ya ajabu: ukinunua kitu kwa nia njema katika soko la wazi, mchana kweupe, kwa desturi za soko hilo, kilikuwa chako hata kama kumbe kiliibwa. Mwenye ng’ombe aliyeibiwa alitarajiwa kwenda kumtafuta mnyama wake sokoni kabla hajauzwa. Bunge lilikuja kuifuta kanuni hiyo mwanzoni mwa 1995.

Ukishayajua haya, mji wenyewe unaanza kusomeka. Nimechagua Ludlow, katika jimbo la Shropshire, magharibi ya Uingereza karibu na mpaka wa Wales, kwa sababu sioni mji mwingine wa ukubwa wake ambao sheria hizi zimeacha alama zilizo wazi namna hii. Una wakazi kama 10,000. Umekaa juu ya kilima, mto Teme ukiuzunguka kusini na magharibi, na mto Corve ukipita kaskazini.

Mji uliochorwa

Dhana iliyoenea ni kwamba miji hii ya zamani iliota yenyewe: kijiji kikakua, njia za ng’ombe zikawa barabara, ndiyo maana imepinda. Kwa Ludlow sivyo. Mwaka 1086 maofisa wa Mfalme William walimaliza kuandikisha karibu kila shamba na kila kinu nchini ili kodi ijulikane. Ludlow haimo katika orodha hiyo. Palikuwa na shamba kubwa la Stanton lililomilikiwa na familia ya de Lacy, makabaila waliokuja na Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa, na kwenye kona ya shamba hilo, juu ya genge la mto, familia hiyo ilijenga ngome ya mawe ili kuwakabili Wawelshi. Nje ya lango la ngome wakapima mji.

Walipima kweli. Mitaa inayoshuka mtoni, hasa Broad Street na Mill Street, imenyooka, na viwanja vyake ni vyembamba upande wa barabara lakini virefu kwenda nyuma. Sababu yake ni ya kibiashara. Kila mtu alitaka mlango unaoangalia wateja, kwa hiyo upande wa barabara ulikuwa ghali; nyuma palitosha nguruwe, kisima, karakana na bustani. Aliyekodi kiwanja cha namna hiyo alikuwa mwananchi wa mji. Alilipa kodi maalumu ya fedha taslimu, aliweza kukiuza au kukirithisha, na hakuwajibika kumlimia bwana kama mkulima wa shambani alivyolazimika. Ndiyo maana watu walivutika kuhamia. Kabaila alipoteza siku za kibarua akapata kodi na ushuru, akaona amefaidi. Viwanja vingi vingali na mipaka yake mpaka leo, ingawa nyumba zilizo juu yake zimejengwa na kubomolewa mara nyingi.

Soko lenyewe lilikuwa barabara pana, iliyotoka lango la ngome kwenda mashariki hadi palipouzwa mifugo, panapoitwa Bull Ring. Leo ukisimama Castle Square ukatazama mashariki, barabara hiyo pana huioni. Unaona safu za nyumba zimejaa katikati yake, na pembeni vichochoro kama Harp Lane. Nyumba hizo ndizo vibanda vya zamani. Mchuuzi alianza na meza aliyoiondoa jioni. Baadaye akaona taabu kuibeba, akaiacha. Akaiwekea paa. Akaiwekea ukuta na kufuli, kisha chumba cha juu cha kulala ili alinde mali, na wenye mji wakagundua kwamba kodi ya kibanda cha kudumu ni nzuri kuliko ushuru wa meza. Katika vizazi vichache soko lilikuwa limejijenga lenyewe hadi likajiziba. Kwa maoni yangu hakuna kitu Ludlow kinachofundisha zaidi ya vichochoro hivyo, na watalii wengi huvipita wakiharakia ngome.

Hata kuta za mji ni zao la ushuru. Kuanzia mwaka 1233 mfalme aliruhusu watu wa Ludlow watoze kodi ya ziada kwenye bidhaa zinazoingia kuuzwa, fedha ziende kwenye ukuta. Ukuta ukapata malango saba. La Broad Gate limebaki, na juu yake imejengwa nyumba, hivi kwamba magari hupita chini ya sebule ya watu.

Sufu, na mtu aliyezama nayo

Mji uliokaa karibu na Wales ulikuwa na bidhaa moja yenye thamani kubwa, nayo ni sufu. Kondoo wa vilima vya mpakani walizaa sufu bora, wafumaji wa Flanders na Italia waliigombea, na mfalme aliitoza kodi alipohitaji fedha za vita. Hapo ndipo anaingia Laurence wa Ludlow, mfanyabiashara tajiri wa sufu aliyekuwa akimkopesha Mfalme Edward I. Mwaka 1291 alipata ruhusa ya kuitia nyumba yake ya Stokesay, kilomita 10 na ushee kutoka mjini, kuta za ngome. Ipo hadi leo, na ukumbi wake wenye paa la mbao umehifadhika vizuri sana.

Mwaka 1294 mfalme alitaka fedha kwa ajili ya vita na Ufaransa, na Laurence akahusika katika mpango wa kupandisha ushuru wa sufu inayokwenda nje. Wafanyabiashara wakubwa walijua la kufanya: walipunguza bei waliyomlipa mfugaji. Mwaka huohuo Laurence alipanda meli iliyobeba sufu kuvuka bahari, meli ikazama, naye akafa maji. Mtawa mmoja aliyeandika habari za miaka hiyo alisema wazi kwamba aliwakosea watu wa sufu na ndiyo maana akazama katika meli iliyojaa sufu. Ukitaka kujua wakulima waliwaonaje madalali wa enzi hizo, maneno ya mtawa huyo yanatosha.

Baadaye Ludlow iliacha kuuza sufu ghafi tu ikaanza kutengeneza kitambaa. Kando ya mto Teme vilijengwa vinu vya maji vya kupondea kitambaa kipya hadi nyuzi zishikane. Utajiri huo ndio ulioinua kanisa la Mtakatifu Laurence, ambalo ukubwa wake umewafanya watu waliite kanisa kuu la eneo la mpakani. Halijawahi kuwa na askofu. Ni kanisa la parokia. Sehemu yake kubwa ililipiwa na wenye mji wenyewe pamoja na Chama cha Mahujaji, umoja uliopata hati ya mfalme mwaka 1284. Mwanachama alitoa ada, chama kikaajiri mapadri wa kumwombea akifa. Kilikusanya wanachama nchi nzima, kikanunua nyumba nyingi mjini, kikaendesha shule. Mageuzi ya dini yalipokivunja mwaka 1551, mali yake haikupotelea kwa wakubwa wa London kama ilivyotokea kwingi: mwaka uliofuata ilikabidhiwa baraza la mji, kwa sharti la kutunza shule na maskini. Nyumba za wazee zilizoanzishwa na mfanyabiashara Hosyer mwaka 1486 zingali karibu na kanisa, katika jengo lililojengwa upya mwaka 1758.

Ndani ya kanisa hilo, mahali pa wanakwaya, pana viti 28 vya mbao vinavyokunjwa, na chini ya kila kiti pana mchongo. Kimoja usikikose. Kinamwonyesha muuza pombe, mama pima wa enzi hizo, amebebwa uchi na shetani, kichwa chini, kikombe chake cha kupunjia kikiwa bado mkononi. Shetani mmoja anasoma orodha ya dhambi zake, mwingine anapiga zumari la mfuko, na upande wa pili mdomo wa jehanamu umeachwa wazi kumpokea. Ni mchongo wa siku za sheria ya mkate na pombe, wakati kupunja kipimo kulikuwa kosa la mahakamani na dhambi ya kanisani kwa pamoja. Ajabu ni pale ulipowekwa: chini ya makalio ya wenye kuimba zaburi, mahali ambapo muuza pombe mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuketi.

Mji wa soko uliotawala Wales

Watu wengi hudhani miji ya soko ilikuwa ya pembeni, haina habari na mambo ya wakubwa. Ludlow inalikanusha hilo vibaya sana.

Ngome ilipita kwa ndoa hadi kwa ukoo wa Mortimer, kisha kwa watawala wa York. Katika vita vya ndani vya karne ya 15, Oktoba 1459, Mtawala wa York, aliyekuwa akipigana na Mfalme Henry VI, alipanga jeshi lake ng’ambo ya daraja la Ludford, chini tu ya mji. Usiku sehemu ya askari wake walihamia kwa mfalme. Yeye na wanawe wakubwa wakatoroka. Asubuhi jeshi la mfalme liliingia mjini, likavunja mapipa ya mvinyo, likapora maduka. Mkewe, Cecily Neville, alibaki nyuma na watoto wadogo. Inasimuliwa kwamba alikutwa amesimama nao kwenye msalaba wa soko. Mmoja wa watoto hao alikuwa Richard, aliyekuja kuwa Mfalme Richard III.

Mwaka 1461 mwana wao mkubwa, Edward IV, alitwaa kiti cha enzi, akaukumbuka mji ulioporwa kwa sababu ya familia yake. Aliupa hati kubwa: mji ujichagulie viongozi na umiliki soko na ushuru wake. Hapa ndipo soko lilipotoka mikononi mwa bwana likawa la wenye mji. Kwa anayeuliza hati inabadilisha nini, hii ya 1461 ndiyo ya kuangalia, maana ilihamisha fedha na mamlaka, haikuishia kwenye jina.

Edward alimtuma mwanawe mrithi, angali mtoto, aishi katika ngome ya Ludlow na kuweka hapo baraza la kutawala Wales na majimbo ya mpakani. Mtoto huyo alikuwa na miaka 12 habari za kifo cha baba yake zilipomfikia mwezi Aprili 1483. Aliondoka Ludlow akiwa Mfalme Edward V, akapokewa njiani na baba yake mdogo Richard, akafikishwa kwenye Mnara wa London pamoja na mdogo wake, na hawakuonekana tena.

Miaka 18 baadaye ngome ikapokea mwana mfalme mwingine, Arthur, mrithi wa Henry VII. Tulitenganishe hili mapema: huyu si Arthur wa hadithi, yule wa meza ya duara. Wazazi wake walimpa jina la shujaa huyo kwa matumaini. Novemba 1501 alimwoa Catherine wa Aragon, binti wa wafalme wa Hispania, wote wawili wakiwa na miaka 15. Majira ya baridi walikwenda kuishi Ludlow. Tarehe 2 Aprili 1502 Arthur alifariki humo ngomeni. Mwili ulisafirishwa kuzikwa Worcester. Moyo wake unasemekana uliachwa katika kanisa la Mtakatifu Laurence.

Catherine akabaki mjane kijana, na mwaka 1509 akaolewa na shemeji yake, Henry VIII. Henry alipotaka kumwacha, hoja yake kuu ilikuwa kwamba hakupaswa kamwe kumwoa mke wa kaka yake. Catherine aliapa kwamba ndoa ile ya kwanza haikuwahi kukamilika kitandani. Ikawa mashahidi wanahojiwa, karibu miaka 30 baada ya harusi, juu ya mambo ya faragha ya vijana wawili, yakiwemo ya miezi ile michache ya Ludlow. Papa alikataa kuivunja ndoa. Mwaka 1533 askofu mkuu wa Canterbury aliivunja, na mwaka 1534 Bunge likamtangaza mfalme kuwa mkuu wa kanisa. Mwanglikana wa Mkunazini, Namirembe au Maseno anayetaka kufuata nyuma historia ya kanisa lake, njia moja itampitisha katika chumba cha ngome hii. Mageuzi ya dini yalikuwa na vyanzo vingi, na singependa kuyatundika yote kwenye kifo cha kijana mmoja. Lakini ugomvi uliolitenga kanisa la Uingereza na Roma ulihusu ndoa yake.

Baraza la mpakani lilidumu Ludlow hadi 1689. Kwa karibu karne mbili, kesi za Wales yote zililetwa katika mji huu mdogo wa Kiingereza, na pamoja nazo mawakili, makarani, wadai na wadaiwa, wote wakihitaji chakula, malazi na nguo. Ile nyumba maarufu ya mbao zilizochongwa, The Feathers, uso wake ni wa mwaka 1619, na aliyeujengesha alikuwa wakili aliyefanya kazi na baraza. Ikageuka nyumba ya wageni baadaye.

Kilichouhifadhi

Baraza lilipovunjwa, ngome haikuwa na kazi. Paa ziliachwa zianguke, na mwaka 1811 gofu lilinunuliwa na Earl wa Powis, ambaye familia yake inalimiliki bado. Mji ulisalia mahali pa matajiri wa vijijini kuja kucheza dansi na kununua hariri; ndipo nyumba nyingi za mbao zilipofunikwa uso wa matofali, mtindo wa karne ya 18, huku kiunzi cha kale kikibaki ndani. Utengenezaji wa glavu ulishamiri kwa muda kisha ukafa. Reli ilifika 1852, viwanda vikubwa havikufika. Birmingham na Manchester zilibomoa na kujenga upya kwa sababu zilikuwa na fedha na haraka. Ludlow haikuwa na vyote viwili. Leo ina karibu majengo 500 yanayolindwa kisheria.

Jambo moja kuhusu nyumba hizo. Rangi ile nyeusi na nyeupe inayopigwa picha, wengi huamini ndiyo ya asili. Mbao za mwaloni zikiachwa huwa za kijivu cha fedha, na plasta zamani ilipakwa rangi ya udongo au ya maziwa. Weusi wa lami ulienezwa zaidi na mtindo wa karne ya 19. Pale ambapo wenye nyumba wameuondoa, mtaa unaonekana mpole zaidi, na mimi napendelea hivyo.

Soko limeendelea. Katikati ya miaka ya 1740 ulijengwa Buttercross, jengo la mawe lenye nguzo chini ambako wanawake wa mashambani waliuza siagi bila kunyeshewa. Siku hizi ni jumba la makumbusho la mji. Ukumbi wa matofali uliojengwa mwaka 1887 katikati ya Castle Square ulibomolewa 1986, na kwa hasara hiyo uwanja ukafunguka tena. Vibanda hupangwa hapo Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Tangu 1995 kila Septemba hufanyika tamasha la chakula ndani ya kuta za ngome, ambapo wachinjaji wa mji hushindanisha soseji zao na wageni huzunguka wakizionja na kuzipigia kura. Mwaka 2003 Ludlow ulikuwa mji wa kwanza Uingereza kujiunga na umoja wa miji ya mwendo wa polepole ulioanzia Italia. Huwezi kuuelewa mwamko huo wa chakula bila mashamba ya jirani: nyama, matofaa na jibini vingi vinatoka humohumo.

Ludlow pia ni jina la kipindi katika historia ya dunia. Wanajiolojia kila mahali huita Ludlow sehemu ya enzi ya Siluri, miaka milioni 427 hadi 423 iliyopita, kwa sababu ya mawe ya hapa. Katika msitu wa Mortimer, dakika chache kutoka mjini, pana machimbo yaliyoteuliwa kuwa kipimo cha dunia nzima, na vilima unavyokanyaga vilikuwa chini ya bahari ya joto yenye matumbawe.

Ukipata nafasi ya kwenda, chagua siku ya soko. Treni za njia ya Shrewsbury hadi Hereford husimama Ludlow, na kutoka London utabadilisha njiani. Kituo kiko chini ya kilima, ni mwendo wa miguu hadi uwanjani. Anzia mnara wa kanisa, wenye ngazi zipatazo 200, kwa sababu kutoka juu ramani ya familia ya de Lacy inaonekana yote kwa pamoja: ngome, uwanja, mitaa iliyonyooka na viwanja virefu nyuma ya nyumba. Kisha ingia kanisani kwenye viti vya kwaya, shuka Broad Street hadi langoni, endelea hadi daraja la Ludford, urudi kwa Mill Street. Ngome, ambayo ina kanisa dogo la duara la karne ya 12 ndani yake, iache mwisho. Na kama unataka kununua chochote uwanjani fanya hivyo kabla ya kuingia humo, maana mchana ukisogea wachuuzi huanza kufunga.